Marsiana Avuka Kizuizi

Mwaka ule wa 1995, kila mtu wa Bugarama, kijiji cha mpakani, alikuwa na la kusimulia kuhusu wakimbizi. Wengine waliwauzia ndizi. Wengine walipata kazi kambini. Marsiana hakuwa na muda wa hadithi hizo. Alikuwa na maharage ya kupalilia. Alikuwa na mume wa kuuguza, kwa maana Gozbert alianguka na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, akavunjika mguu. Lakini moyo wake wote ulikuwa Kaniha, wilaya ya Biharamulo.

Kaniha ndiko alikoolewa binti yake, Agness. Mwaka juzi Agness alishikwa na uchungu siku mbili nyumbani. Mtoto alikufa, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na daktari alimwonya asithubutu kuzalia nyumbani. Mumewe, Wiston, alikuwa ziwani anavua. Barua ya Agness ilisema wazi: "Mama, njoo unipeleke hospitali. Sina mtu mwingine."

"Nitakwenda," Marsiana alimwambia mumewe.

"Na nani?" aliuliza Gozbert. Tangu waoane, mkewe hakuwahi kusafiri mbali bila yeye.

"Niende na nani tena? Na mguu wako?"

Gozbert alicheka, ingawa mguu uliuma.

Jumatatu asubuhi Marsiana alipanda pikapu ya abiria. Walifika kizuizini, askari akasimamisha gari. Siku hizo magari yote yalikaguliwa. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na majambazi walikuwa wakiteka magari porini. Sasa Kihangaza cha Marsiana na Kirundi cha kambini ni ndugu wa tumbo moja. Ukimsikia akisema Kiswahili, huwezi kujua ametoka upande gani wa mpaka.

"Mama, unatoka wapi?" askari aliuliza.

"Bugarama, baba."

"Una karatasi yoyote?"

"Sina. Karatasi huzishika mume wangu."

"Mumeo anaitwa nani?"

"Gozbert."

"Gozbert nani?"

Hapo Marsiana akakwama. Baba yake Gozbert aliitwa Nduwayo, na kwao mke hatamki jina la baba mkwe. Ni heshima. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hakulitamka hata akiwa peke yake shambani. Akaona heri adanganye kidogo.

"Gozbert... Emilian," alisema.

"Emilian?" alidakia Bulugu, mfanyabiashara wa chumvi aliyekaa nyuma yake. "Mama, si yule Gozbert wa mzee Nduwayo? Namfahamu sana!"

Bulugu alidhani anasaidia. Kumbe alimzamisha zaidi.

"Hata jina la mumeo hulijui?" askari alisema. "Shuka, mama."

Askari hakuwa mtu mbaya. Alimpa maji na mahali pa kukaa kivulini. Lakini kumwamini hakumwamini. Mchana gari lililorudi Bugarama lilimchukua. Marsiana alilia njia nzima, akimwona Agness peke yake mlangoni, akitazama barabara.

Kesho yake alikuja jirani yao, Francisca. Huyu alikuwa bibi maendeleo wa kata, na ndiye aliyemfundisha Marsiana kusoma katika darasa la watu wazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia aibu yangu?"

"Nimesikia. Sikuona aibu yoyote."

"Mwanamke hasafiri peke yake, Francisca. Nimekoma."

"Hapana, mama. Kosa si kusafiri peke yako. Kosa ni kusafiri bila utambulisho wako mwenyewe. Karatasi ya mumeo inamsaidia mumeo. Nenda kwa balozi wa nyumba kumi, akuandikie kwamba anakufahamu. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji, akupe barua ya utambulisho. Iwe na jina lako, kijiji chako, jina la mumeo, unakokwenda na sababu. Agonge mhuri."

"Na lile jina?" Marsiana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Litaandikwa. Karatasi haina mkwe."

Marsiana akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Jambo jingine," Francisca aliendelea. "Panda gari lile linaloingia kwenye msafara unaosindikizwa na askari. Mwambie baba hapa nyumbani umepanda gari gani na utashukia wapi. Kaa karibu na akina mama wenzako. Mtu usiyemjua akikuita upande lori lake, kataa. Na barua hiyo, isome kabla hujatoka ofisini."

Jumatano Marsiana alikuwa ofisini mapema, na karatasi ya balozi mkononi. Mtendaji, bwana Audax, aliandika haraka haraka, akagonga mhuri, akamkabidhi. Marsiana hakuondoka. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma polepole.

"Unasoma nini, mama? Barua iko sawa," alisema Audax.

"Haiko sawa, bwana mtendaji. Umeandika, 'Anasafiri na mumewe.' Mume wangu yuko kitandani."

Audax alijikuna kichwa. "Ah! Nimezoea kuandika hivyo."

"Basi leo andika: peke yake."

Ikaandikwa barua mpya. Marsiana aliisoma yote, mpaka mwisho, ndipo akaikunja na kuiweka kifuani.

Alhamisi asubuhi alipanda gari la msafara. Bulugu hakuwemo, na afadhali. Kizuizini alikuwapo askari yuleyule. Alichukua barua, akaisoma, akakunja uso.

"Mhuri umeziba jina hapa. Mumeo ni Gozbert nani?"

Marsiana akamkumbuka Agness. Nisamehe, baba mkwe, alisema moyoni.

"Nduwayo!" alisema, kwa sauti iliyowafikia hata watu wa gari la nyuma. "Gozbert mwana wa Nduwayo, wa Bugarama. Mimi ni mkewe, Marsiana. Nakwenda Kaniha kwa binti yangu."

Askari akamrudishia barua kwa mikono miwili. "Safari njema, mama."

Marsiana alijaa furaha mpaka akasahau kukaa. Alikuwa amelitamka, na hakuna kilichoanguka.

Njia panda, walipokuwa wakisubiri msafara ujipange, dereva mmoja wa lori alimwita. "Mama, njoo nikufikishe Kaniha sasa hivi. Bure!"

"Asante, baba. Gari langu ni hili."

Alifika Kaniha kabla ya adhuhuri. Alimkuta Agness ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Hakuweza kusema wala kufungua macho vizuri. Majirani walimzunguka wakibishana nini kifanyike.

"Hakuna ubishi," Marsiana alisema. "Anakwenda hospitali."

Alikimbilia zahanati, akaeleza habari ya uzazi wa kwanza, akapata gari. Alasiri ileile Agness alifanyiwa upasuaji Biharamulo. "Mngechelewa mpaka kesho, tungewapoteza wote wawili," muuguzi alimwambia Marsiana, akimwekea mikononi mtoto wa kike mnene, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Marsiana alimbusu huku machozi yakimtiririka.

Ijumaa asubuhi Agness alizinduka vizuri. Alimtazama mtoto. Kisha akamwona aliyembeba, akashangaa. Akatazama mlangoni, akitafuta mtu mwingine.

"Mama! Baba si mgonjwa? Nani amekuleta?"

"Nimejileta," alisema Marsiana, akamsogezea uji.