Nimekula, Mpenzi

Pale pale kwenye lango la soko la Korvon, Dushanbe, saa ambayo hata punda hapati pa kupita, gari ya Savsan ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi. Nyuma yake honi, matusi, na mkokoteni wa matikiti.

"Dada, toa hilo jeneza njiani!"

Savsan akashuka. Gauni la atlasi, manjano na zambarau, limemkaa hilo, na nyusi kaziunganisha kwa wanja. Mzuri, halafu anajua. Kijana mmoja mwenye ovaroli iliyolowa oili akatoka kwenye vibanda vya spea, akafungua boneti bila kuombwa.

"Usizime. Nyamaza kidogo."

"Unaniambia mimi ninyamaze?"

"Nawaambia wote. Wewe ndiye unayesikika zaidi."

Huyo ndiye Hisrav. Akafumba macho, akawa anachomoa waya za plagi moja moja na kuzirudisha. Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, wapi, hakuna kilichobadilika.

"Huyu hapa. Wako wanne, watatu wanabeba mzigo, mmoja anasafiri bure."

"Kama ami yangu," Savsan akasema.

Hisrav akacheka mpaka spana ikamponyoka. Akaweka plagi mpya, na injini ikatulia kabisa, kama haipo.

"Umejuaje?"

"Masikio. Mengine yote niliyonayo ni ya kawaida."

"Hata hiyo pua?"

"Pua ni ya baba, niliazimwa tu."

Basi hapo kwisha kazi. Zikaanza simu, kila siku, na kila simu Savsan anaianza vile vile.

"Umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Nini?"

"Sambusa."

"Tena? Utageuka sambusa wewe."

"Njoo unipikie basi."

Wakakubaliana: majira ya kuchipua, mama yake Hisrav ataleta posa.

Kabla theluji haijayeyuka, mtungi wa gesi wa gari moja ulilipuka pale vibandani kwao. Hisrav akamwandikia: "Nimeungua nyusi tu. Usije, nina sura ya yai. Tutaonana zikiota." Savsan akacheka, akamtumia picha ya yai lililopakwa wanja. Tangu hapo Hisrav akataka waandikiane tu, eti kazini kuna kelele.

Wakati huohuo ami yake, ambaye tangu baba afariki ndiye mwenye sauti nyumbani, akampatia mchumba: mwenye duka la vitambaa, mgane, mtu mpole. Alhamisi wazee wangekuja kuvunja mkate. Na mkate ukishavunjwa, binti keshakuwa wa watu. Akiurudisha, wadogo zake wa kike hawaposwi tena, na Savsan anao wawili.

Jumatano akajibanza kwenye roshani, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akapiga simu.

"Hisrav, nisikilize. Kesho wanakuja kwetu kuvunja mkate."

"Nimekula, mpenzi."

"Nini?"

"Nimekula vizuri."

"Mimi nalia huku, wewe unanifanyia utani? Mlete mama yako leo. Leo hii, la sivyo nakubali."

"Vizuri sana." Sauti kubwa, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. "Haya, kazi ni nyingi. Nakupenda."

Simu ikakatika. Savsan hakumwandikia hata neno. Mtu unamwambia mkate, anakwambia ameshakula. Utamwandikia nini?

Alhamisi mkate ukavunjwa. Mama mkwe akamvisha hereni za dhahabu, nzito, zinavuta masikio chini.

Wiki iliyofuata akachomoa mwenyewe waya wa plagi ya tatu, akaiendesha gari ikitetemeka mpaka vibanda vya spea. Alitaka jibu uso kwa uso. Hisrav alikuwa ameinama, kampa mgongo.

"Hisrav."

Akapiga honi. Mafundi wote wakageuka, njiwa wakaruka. Akaikandamiza tena, akaishikilia. Hisrav akaendelea kufunga nati.

Fundi wa kibanda cha jirani akasogea dirishani. "Binti, mguse bega. Tangu ule mtungi, hasikii kitu."

Akashuka, akamgusa. Hisrav akageuka. Nyusi zilikuwa zimeota zamani.

Hakusalimia. Akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, akafumba macho kama siku ile ya kwanza.

"Ya tatu," akasema, kwa sauti iliyopita kiasi. "Lakini haijaharibika. Kuna mtu kaichomoa."

"Kwa nini hukuniambia?" Savsan akauliza taratibu, naye akamtazama midomo.

"Fundi wa masikio, sina masikio. Mama aje kwenu aseme nini?"

Ndipo akaziona hereni. Akaangalia moja, akaangalia nyingine.

"Lini?"

"Alhamisi."

Akaurudisha waya. Injini ikatulia. Akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Siku ile uliponipigia, nilibahatisha. Kila siku unaanza na lile lile, na mimi nikajibu lile lile. Ulikuwa unasema nini?"

Nyumbani mshonaji alikuwa anasubiri kumpima gauni la harusi. Savsan akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, asikose hata silabi moja.

"Nilikuuliza kama umekula."

Hisrav akatabasamu. "Basi nilijibu sawa."

"Ulijibu sawa."