Nywele Kwenye Mtindi

Jua lilikuwa linazama na bado hatujapata pa kulala. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yetu kila jioni, mimi na Ephraim Stoddard, katika milima ya Tennessee mwaka 1886. Kanisa letu lilitutuma kuhubiri bila senti mfukoni, kwa hiyo tulibisha hodi na kuomba chakula na kitanda. Siku hiyo tulishafungiwa milango minne.

"Wamormoni!" jamaa mmoja alitufokea. "Mmekuja kutuibia wake? Na eti mnaitana wazee! Mzee gani hata ndevu hana?"

Stoddard alicheka. Mimi njaa iliniuma mno.

Nyumba ya tano ilikuwa juu kabisa, bonde linapoishia. Mlango ulifunguka kabla hatujabisha.

"Ingieni, wanangu," alisema mjane mmoja, Keziah Greer. "Nilikuwa nawasubiri."

Ndani kulinuka... kama mafuta ya mnyama yaliyooza. Kama kichwa kisichooshwa mwaka mzima.

Akatuwekea mkate wa mahindi na mabakuli mawili ya mtindi. Nikainua langu, nikaona unywele. Mwekundu. Nikauvuta kwa vidole viwili. Ukaja. Nikavuta tena, ukazidi kuja, mrefu kuliko mkono wangu, umejaa ute.

Nikaupangusa chini ya meza. Stoddard ndiyo kwanza alikuwa anainua bakuli lake.

Neno moja tu lingetosha. Lakini nje kulikuwa na baridi kali, nikaogopa tutafukuzwa. Nikamega mkate wangu.

Stoddard akanywa bakuli lote. Akaramba midomo.

"Binti yangu anaumwa," mjane akanong'ona. "Nasikia nyie mnawawekea wagonjwa mikono."

Binti huyo, Lovina, alilala chumba cha nyuma, mifupa mitupu, nywele zake nyeusi tii. Stoddard akamtia tone la mafuta ya zeituni utosini. Tukaweka viganja vyetu kichwani pake, Stoddard akaanza kuomba.

Ngozi ile ikasogea chini ya vidole vyangu.

Nikaondoa mikono yangu. Stoddard hakuondoa yake.

Krrh... krrh...

Binti akakaa ghafla, akakohoa, akatapika bonge la nywele. Kubwa kama ngumi, jekundu, linachuruzika. Mama yake akalidaka kwa aproni, akalikumbatia kama kichanga.

"Asante, mwanangu," akamwambia Stoddard. Mimi hakunitazama. "Sasa limepata pa kwenda."

Tukatoka mbio. Kesho yake asubuhi Stoddard alianza kusafisha koo.

Wiki tatu baadaye alikuwa kitandani nyumbani kwa Asa Pruitt, muumini wetu, hali wala hanywi.

"Kuna kitu kinanitekenya humu, Tolman," alilalamika.

Nikammulika mdomoni kwa mshumaa. Nyuma ya ulimi, unywele mmoja mwekundu ulicheza kwa pumzi yake.

"Niwekee mikono, ndugu yangu," akanong'ona. "Tafadhali..."

Chupa ya mafuta ilikuwa mkononi mwangu. Nikakitazama kichwa kile, jasho lake, ngozi yake inayotetemeka. Kinyaa kikanishinda.

"Ndugu Pruitt," nikasema, "wewe una imani kuliko mimi. Mwombee wewe."

"Mimi? Haya, kama unaona hivyo."

Nikamkabidhi chupa, nikatoka kutapika kando ya ua. Nikasikia kupitia ukutani.

Krrh... krrh...

Halafu sauti ya Stoddard, changamfu, ikiomba chakula.

Pruitt naye alianza kukohoa, tukamzika mwezi wa pili. Kama ugonjwa ule hupitia mtindi au mikono, sijui. Pruitt mtindi ule hakuwahi kuunywa. Niliwahi kuuliza watu wa bonde lile ni nani aliyekuwa na nywele nyekundu. Waliinuka mmoja mmoja, wakaenda zao.

Stoddard yuko Utah, ana watoto saba, ana afya ya fahali. Kila Jumapili hunikumbatia mlangoni mwa kanisa na kuwaambia watu, "Huyu ndiye aliyeniuguza!" Mimi hutabasamu, na mwili hunisisimka.

Mke wa Pruitt ndiye aliyeiosha maiti ya mumewe. Mwezi wa nne, nikiwa bado Tennessee, aliniandikia barua: amepata kikohozi kidogo, je, naweza kupita nimwombee?

Nilikuwa mwendo wa nusu siku tu kutoka kwake.

Barua ile sikuijibu.