Barua ya Kazi Isiyo na Mshahara

Mzee Jasinto wa Mahurunga alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini. Tangu hapo watu wa nyumbani kwake hawakupumzika. Alisoma maandishi ya kwenye mche wa sabuni. Alisoma kiberiti. Alisoma gunia la mbolea, mbele na nyuma, kwa sauti kubwa, huku mkewe Ermelinda akipepeta mpunga na kujifanya hasikii.

"Gunia hilo ulilisoma jana," Ermelinda alimwambia.

"Leo nalisoma vizuri zaidi," alijibu Jasinto.

Kila siku saa kumi alasiri alikwenda darasa la watu wazima. Mwalimu wao aliitwa Veronika, mwenyeji wa Songea, naye alikuwa jirani yake. Asubuhi alifundisha watoto, na alasiri alifundisha wazazi wao. Tena barua zote za kijiji zilipitia sanduku la posta la shule, na Mwalimu Veronika ndiye aliyezigawa.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka 1973. Felismina, binti yao mkubwa, alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Alikuwa anasomea kilimo chuo kikuu, huko Morogoro, mwaka wa pili. Alfajiri alishuka na mama yake bondeni Ruvuma kupalilia mpunga, akarudi jioni miguu imejaa tope. Jasinto alijivunia binti huyu mpaka majirani wakaanza kumkwepa njiani.

Kila jioni Felismina aliuliza swali moja.

"Baba, hakuna barua yangu?"

"Hakuna, mwanangu."

Kwa siku nyingi jibu hilo lilikuwa la kweli. Kisha, Jumanne moja, barua ikaja.

Mwalimu Veronika alimkabidhi Jasinto mkononi. "Mpelekee Felismina leo hii. Imeandikwa ni ya haraka."

Haikuwa barua yake. Jasinto alilijua hilo. Lakini mtu aliyesoma gunia mara mbili ataiachaje bahasha? Alisimama njiani, akaifungua, akaanza kusoma polepole, kidole kikifuata maneno. Ilitoka kituo cha utafiti wa kilimo, karibu na Mtwara mjini. Ilisema hivi:

"Tumekubali uje kufanya kazi hapa kwa miezi miwili. Hakuna mshahara. Utapewa chakula na mahali pa kulala. Mzazi atie sahihi hapa chini. Tupate jibu kabla ya tarehe 30 Aprili."

Jasinto aliirudia mara tatu, akitumaini kwamba amekosea kusoma. Hakukosea.

Maneno hayo aliyafahamu tangu zamani. Mwaka 1946, ng'ambo ya mto, upande wa Wareno, askari wao alikuja kijijini kwa akina Jasinto na karatasi yenye majina. Aliwaambia vijana kwamba kuna kazi ya miezi sita, na kwamba watapewa chakula na mahali pa kulala. Custodio, kaka yake Jasinto, alikuwa katika karatasi ile. Alipelekwa shamba la mkonge. Miezi sita ilipita, mwaka ukapita, Custodio hakurudi. Ndipo Jasinto na Ermelinda walipovuka mto kuja upande huu, na hapo wakawazaa watoto wao.

Jasinto aliikunja barua, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Baba, hakuna barua yangu?" Felismina aliuliza jioni ile.

"Hakuna," alisema baba yake. Hakumaliza chakula chake.

Siku kumi na mbili zilipita. Jasinto hakusoma kitu chochote kwa sauti, hata kiberiti. Ermelinda alidhani mumewe anaumwa.

Jumapili ya Pasaka, watu walipotoka kanisani, Mwalimu Veronika alimshika Felismina mkono. "Umeshawajibu wale watu wa kituo cha utafiti? Niliona muhuri wao kwenye bahasha."

"Kuwajibu nini, Mwalimu? Mpaka leo sijapata barua."

Mwalimu Veronika alimwachia mkono. Kisha akasema, "Twende nyumbani kwenu."

Walimkuta Jasinto amekaa barazani. Ermelinda alileta viti. Walisalimiana, wakaulizana habari za Pasaka. Mwisho Mwalimu Veronika alisema kwa upole, "Mzee Jasinto, nilikupa barua."

Jasinto hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na koti, akaitoa barua na kuiweka mapajani mwa binti yake. Felismina aliisoma. Alifurahi kwa nukta moja tu, halafu machozi yakamtoka.

"Baba, umenifungulia barua yangu. Kisha ukaificha. Kwa nini?"

"Kwa sababu najua kusoma," alisema Jasinto. "Kazi, hakuna mshahara, chakula na mahali pa kulala. Custodio alichukuliwa kwa maneno hayo hayo. Ulitaka nitie sahihi?"

Ermelinda alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Felismina alimjua baba mkubwa Custodio kwa jina tu. Hakujua kwamba alipelekwa kwa maneno kama yale.

"Baba, haya ni mazoezi ya kazi," alisema. "Bila mazoezi haya siruhusiwi kuingia mwaka wa tatu. Hata mimi nina kosa. Sikuwaeleza kabla. Niliona haya kuwapa matumaini kabla sijapata nafasi."

"Tueleze sasa," alisema mama yake. "Nafasi hiyo uliipataje?"

"Nilianza mwezi wa kwanza. Chuoni kuna ubao wa matangazo, nikawa nausoma kila wiki. Nikamwendea mwalimu wangu, nikamwuliza ni ofisi gani zinapokea wanafunzi wakati wa likizo. Alinitajia tatu, nikaziandikia zote. Nilitaja ninachosoma, kazi ninazoweza kufanya, na tarehe za likizo yetu. Mwalimu wangu naye akaandika barua ya kunitambulisha, nikaiambatisha. Ofisi ya kwanza haikunijibu. Ya pili ilisema nafasi zimejaa. Hii ndiyo ya tatu."

"Ulifanya vizuri kuandika barua nyingi na mapema," alisema Mwalimu Veronika. "Wengine huandika barua moja, tena wiki moja kabla ya likizo. Halafu wanasema hakuna nafasi."

Jasinto alikuwa bado anatazama chini. Mwalimu Veronika akamgeukia.

"Mzee Jasinto, nani alikufundisha kuchonga mitumbwi?"

"Mjomba wangu. Nilikaa kwake mwaka mzima."

"Alikulipa?"

"Alinilisha."

"Na ulilala wapi?"

"Kwake." Jasinto aliinua kichwa. Aliona Mwalimu anampeleka wapi, naye hakutaka kupelekwa kirahisi. "Lakini kwa mjomba wangu ningeweza kuondoka siku yoyote. Na alinifundisha. Custodio hakufundishwa kitu. Wala hakuweza kuondoka."

"Hapo umesema kweli kabisa," alijibu Mwalimu Veronika. "Kwa hiyo usitie sahihi."

Felismina alishtuka. "Mwalimu!"

"Asitie sahihi kabla ya kuuliza. Barua hii haisemi nani atakufundisha. Haisemi utafundishwa nini. Labda ni kilimo, labda ni kufagia ofisi na kuchemsha chai. Haisemi wasichana wanalala wapi. Haisemi mwisho wa miezi miwili utapewa cheti gani. Na haisemi kama unaweza kuondoka. Baba yako ana hofu yenye maana. Kosa lake ni kuifungia kotini badala ya kuitoa na kuuliza."

Ermelinda alicheka, na Jasinto naye akacheka kidogo kwa aibu.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Nilikuogopea."

"Nimeshakusamehe, Baba. Lakini barua zangu nitazifungua mwenyewe."

"Zako zote," alisema Jasinto.

Zilibaki siku nane tu. Barua ya maswali ingechelewa, basi wakaamua kwenda wenyewe. Jumatano Jasinto na binti yake walipanda basi la Mtwara. Masika yalikuwa yameharibu barabara. Abiria walishuka mara nne kulisukuma, na walifika mjini wamechafuka kama waliotoka kupalilia.

Kituoni walipokewa na Bwana Mikaeli, mtafiti wa mpunga. Jasinto alivua kofia, akatoa karatasi. Maswali yake yote alikuwa ameyaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Aliyasoma moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja.

Bwana Mikaeli alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Mzee, mimi ndiye nitakayemfundisha," alisema. "Atajifunza kupima udongo, kujaribu mbegu, na kuandika taarifa. Wasichana wanalala kwa Bibi Agnes, karani wetu, pale nyumba ya pili. Akimaliza tutamwandikia barua ya kueleza kazi aliyofanya, na nakala itakwenda chuoni. Mshahara hatuna, hilo ni kweli. Nauli yake ya kuja na kurudi tutailipa."

"Na akitaka kuondoka?"

"Ataaga, ataondoka. Chuo kitajua hakumaliza, basi. Hakuna atakayemzuia."

"Yaandike hayo," alisema Jasinto.

Bwana Mikaeli aliyaandika. Jasinto aliyasoma yote, kidole kikifuata maneno. Kisha akatia sahihi, akitoa ulimi nje kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Felismina alishusha pumzi.

Walipokuwa wanaagana, Bwana Mikaeli aliuliza, "Huko kwenu Mahurunga, maji ya chumvi hayaharibu mpunga?"

"Huharibu sana. Mto ukipungua, bahari inapanda mpaka mashambani. Mpunga mweupe hufa. Lakini mke wangu ana mbegu nyekundu, alivuka nayo mto. Hiyo hainyauki."

Bwana Mikaeli aliketi tena. "Mbegu hiyo imeshapimwa?"

"Sisi huipima kwa kuila," alisema Jasinto.

"Baba, kwa nini hujaniambia hili?" aliuliza Felismina.

"Hujaniuliza. Wewe umesoma Morogoro, nilidhani unajua."

Hivyo ndivyo kazi ya Felismina ilivyopatikana. Alipata nafasi ya mazoezi, na ndani yake akapata jambo la kutafiti, tena kutoka chunguni kwa mama yake. Ermelinda alituma kibaba kimoja cha mbegu nyekundu. Alikifunga kwa mafundo matatu, akaagiza kwamba wasiichezee.

Wiki ya sita Jasinto alikwenda kumtembelea, na furushi la mihogo begani. Alimkuta Felismina kwenye kibanda cha majaribio. Mbele yake palikuwa na mikebe arobaini yenye miche ya mpunga, na kila mkebe ulitiwa maji ya chumvi ya kipimo chake. Alikuwa anahesabu miche iliyo hai na kuandika daftarini.

Bwana Mikaeli alimpokea Jasinto kwa furaha. "Mzee, mbegu yenu inavumilia. Nimemwandikia mwalimu wa binti yako. Chuo kimekubali aendelee na utafiti huu mwaka wa tatu, na kitamlipia gharama."

Jasinto alishukuru. Alifurahi sana, lakini moyo wake haukuwa umetulia bado. Neno moja alikuwa amelisoma kwenye karatasi, na hakuwa ameliona kwa macho. Alikohoa.

"Nimekuja kumchukua binti yangu," alisema. "Leo hii turudi nyumbani."

Wafanyakazi wawili waliokuwa kibandani waliacha kumwagilia. Bwana Mikaeli alikunja uso. Ilionekana wazi kwamba neno hilo limemuuma.

"Kazi haijaisha, mzee. Nitasikitika sana," alisema. "Lakini tulikubaliana. Muulize mwenyewe. Akitaka kwenda, nitampeleka stendi kwa gari la kituo."

Hakuita askari. Hakusogea mlangoni kuwazuia, kama alivyoandika. Jasinto alimgeukia binti yake.

"Felismina, twende."

"Kuna nini, Baba? Mama anaumwa?"

"Mama mzima."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi mimi siendi," alisema Felismina. "Nimefika mkebe wa kumi na saba, na ukiendelea kunisemesha nitasahau hesabu. Nitakuja nikimaliza."

Akainama, akaendelea kuhesabu.

Jasinto aliweka mihogo chini. Machozi yalimjaa, akayaacha. Alimpa mkono Bwana Mikaeli, akaushika kwa muda mrefu, akaaga. Kisha akatoka kwenda stendi peke yake. Binti yake amemkatalia mbele ya watu, na tangu avuke mto hakuwahi kufurahi namna ile.