Msuli Wenye Matundu

"Nyuki, mzinga uko wapi?"

Sauti ya Mkuu wa Kituo ilikwaruza ndani ya hereni ya kushoto ya Nyuki, iliyofichwa redio. Angejibuje, na Bosi Glavu kamsimamia begani, ananuka manukato ya bei mbaya na nyama mbichi?

Akainamia darubini ya Leica.

Koti jeupe alilovaa lilikuwa la mkaguzi wa kampuni ya ng'ambo, mnunuzi mkubwa wa misuli ya binadamu. Mkaguzi mwenyewe alikuwa kituoni, pingu mikononi, analia kama mtoto. Kazi ya Nyuki ilikuwa moja tu: kujua mzinga ulipo, yaani mahali walipofichwa watu wanaokatwa misuli hiyo, kabla hawajamalizwa.

Bosi Glavu alidai ni marehemu waliojitolea. Marehemu gani? Mmoja wa hao waliofichwa alikuwa mdogo wake Nyuki, tumbo moja, dereva wa gari la baridi la genge hilo. Alifungua mlango usiomhusu, akapotea. Kituo kilitaka kumtoa dada mtu kwenye kazi hii. Aliwaambia wathubutu.

Kipande cha msuli kwenye kioo kilikuwa kimepakwa rangi ya Gomori, ya kupimia misuli. Msuli mzima ukiupaka rangi hiyo, nyuzi zake hutoka kijani cha kuelekea bluu, zimebanana vizuri. Hizi zilikuwa matundu matundu, kama mkate uliogugunwa na mende.

Hapo akaona upenyo.

"Uchafu gani huu?"

Tabasamu la Bosi likakatika. "Mama, hiyo ni daraja la kwanza."

"Nani anagandisha?"

Mkataji wao, waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani tu, akanyoosha kidole. "Mimi. Nikikata, natumbukiza moja kwa moja kwenye naitrojeni ya maji. Baridi kali, hakuna mchezo."

"Umewahi kurusha tone la maji kwenye kikaango cha moto? Linarukaruka, halikauki upesi, maana limejifunika mvuke. Nyama yako ndivyo hivyo. Naitrojeni inachemka kuizunguka, mvuke unaikinga, inaganda polepole. Barafu inakua ndani na kupasua nyuzi. Kwanza poza kimiminika cha isopenteni kwa naitrojeni, halafu nyama itumbukize humo. Nani alikudanganya unajua kazi?"

Profesa akakodolea macho viatu vyake.

Nyuki akatoa simu. "Nawaambia wakubwa hakuna biashara. Hatununui makombo."

Bosi akamshika mkono. Glavu yake ilikuwa na unyevunyevu. "Subiri kwanza, mama. Tukate nyingine. Utagandisha mwenyewe."

"Marehemu wa lini?"

"Marehemu wa nini? Mbichi kabisa."

Alilitamka neno hilo kama muuza samaki. Nyuki akachukua chupa ya naitrojeni, akawafuata.

Walipita chumba cha baridi. Bosi akasukuma rafu ya makopo, ukajitokeza mlango wa chuma. Ulipofunguliwa, harufu ya usaha na dawa ya kufulia ikamvaa usoni. Watu walilala kwenye vitanda vya chuma, mapaja yamefungwa bandeji zilizolowa. Nzi walikuwa wamenona. Nyuki akapita katikati ya vitanda, akitafuta uso mmoja.

Kwenye kitanda cha mwisho, mdogo wake aliinua kichwa. Macho yakagongana.

"Dada."

Mkono wa Bosi ulikuwa tayari ndani ya koti. Kisha akacheka.

"Usimjali huyo. Kila mwanamke akiingia humu ni dada yake. Hata mfagizi."

Heri neno hilo. Sokoni, hospitalini, barabarani, kila mwanamke ni dada wa mtu.

"Naomba maji, dada," kijana akasema, akafumba macho. Alikuwa ameelewa.

Profesa akafungua bandeji. Paja lilikuwa limechimbwa. Akainua sindano ya kung'olea nyama, nene kama kalamu.

"Mzinga uko nyuma ya chumba cha baridi," Nyuki akasema, sauti ile ile ya ukaguzi. "Sukumeni rafu. Njooni."

Bosi akageuka. "Unaongea na nani?"

Bastola yake ilikuwa imeshachomoka. Nyuki akamwaga chupa nzima kwenye mkono ulioishika. Koti lake likainywa naitrojeni, likaishikilia kwenye ngozi. Bosi akapiga yowe, Glock ikaanguka. Ilipotulia sakafuni, Nyuki alikuwa ameshaiokota.

Profesa akatupa sindano. "Mimi mwajiriwa tu, dada."

"Na mimi pia. Lala chini."

Buti zikaingia kwa kishindo. Vijana wa Kituo walifika mlangoni, mmoja akageuka kutapika. Nyuki hakumlaumu.

Bosi alikuwa anagaragara. "Wewe ni nani?"

"Dada yake."

Hereni ikakwaruza. "Kazi safi, Nyuki."

"Safi wapi, Mkuu? Leta magari ya wagonjwa, yote uliyo nayo."

Akavua koti lile jeupe, akalitupa kwenye ndoo ya taka, akainama kitandani. Machela ilikuwa imefika. Mdogo wake aliitazama, akatikisa kichwa.

"Yule Bosi aliniapia nitatoka humu kwa vipande. Sitaki kubebwa."

Daktari wa Kituo akaanza kubisha. Nyuki akamkata jicho.

"Inuka basi."

Akampa bega. Mguu mmoja ulikanyaga, mwingine ukaburutwa, jasho likimtiririka kijana, meno ameyauma. Walipita karibu kabisa na uso wa Bosi Glavu pale sakafuni. Hawakumtazama.