Dakika Nne Ghorofa ya Tisa

SAA NNE ASUBUHI

"Jengo lile halina bawabu," Kovu alisema. "Jengo lenyewe ndilo bawabu."

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma cha duka la vipuri. Kovu, mkuu wa genge. Shemeji, ndugu wa mkewe, mshika usukani. Na Fundi, mwanamke aliyetandaza nyaya za jengo lile kabla hajafukuzwa kazi.

"Milango inasoma sura," Fundi alisema. "Lifti zinatii sauti. Roboti za usafi zina macho. Lakini kila Alhamisi, saa saba na kumi, jengo linajaribu king'ora cha moto. Milango yote inaachia. Dakika nne, kisha inajifunga."

"Na mzigo?"

"Sanduku la kumbukumbu, ghorofa ya tisa. Kila kitu ambacho jengo limekiona kimo humo."

Shemeji akacheka. "Kumbe tunaiba umbea!"

Alicheka peke yake. Kovu alikuwa na mnunuzi. Fundi alikuwa na dada, mfagiaji, aliyefia ndani ya chumba cha mitambo mlango ulipomfungia na hewa ikaisha. Wakubwa walisema hakuna picha. Uongo. Kamera ya chumba kile Fundi aliipachika kwa mikono yake mwenyewe.

SAA SABA NA DAKIKA KUMI MCHANA

King'ora. Milango ikaachia. Wafanyakazi wakaendelea kula, walishazoea. Kovu na Fundi wakapanda ngazi mbilimbili, wamevaa ovaroli za wafagiaji. Ghorofa ya sita roboti ikawasogelea, ikawakodolea jicho.

"Usikimbie," Fundi alinong'ona. "Fagia."

Jambazi akafagia. Roboti ikapita.

SAA SABA NA KUMI NA MBILI

Ghorofa ya tisa. Baridi. Fundi hakuligusa sanduku. Alikaa mbele ya kompyuta.

"Unafanya nini? Ng'oa!"

"Natafuta faili moja."

Chuma kikamgusa kisogoni. Bastola.

"Ng'oa, nakwambia. Mnunuzi ni mwenye jengo. Anataka sanduku lichomwe leo hii."

"Umeniuza."

"Kazi ni kazi."

"Basi piga. Uone nani atakufungulia mlango."

Kovu akageuka kutazama mlango. Sekunde moja tu. Fundi akabonyeza.

Kila skrini ya jengo ikawaka. Ukumbi wa chakula, ofisi, lifti, mapokezi. Dada yake, kilemba kichwani, akigonga mlango kwa ngumi zote mbili. "Nifungulieni, jamani!" Kisha sauti ya mwenye jengo, tulivu kama anaagiza chai: "Msifungue. Mkifungua, mitambo itasimama."

Huko chini vijiko vikanyamaza.

SAA SABA NA KUMI NA NNE

Mlango ukajifunga. Kovu akaupiga risasi hadi zikamwishia. Haukutikisika. Akapiga simu.

"Shemeji, njoo utuvunjie!"

"Nina watoto, shemeji." Gari likanguruma. Simu ikakatika.

Kovu akateleza ukutani, akakaa sakafuni. "Umetumaliza, mwanamke."

"Wewe ulikuja kuuza. Mimi nilikuja kumchukua ndugu yangu."

SAA NANE

Polisi walipowatoa wakiwa na pingu, ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Wafagiaji walikuwa wamepanga mstari mbele ya ofisi ya mwenye jengo, mabega yakigusana, na hakuna aliyemruhusu kutoka.

Askari akafungua daftari. "Utafungwa miaka mingi, dada. Jina?"

Fundi akainua kichwa. "Andika kwanza la marehemu."

Akalitaja, herufi kwa herufi, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.