Chumvi Nyeupe ya Clarisse

Kila Jumamosi, tangu akiwa na miaka saba, Clarisse wa kijiji cha Lubondja aliosha chumvi. Mama yake aliagiza chumvi ya mawe kutoka mji wa Baraka, nayo ilifika kwa pikipiki ikiwa na vumbi la njia nzima. Clarisse aliimwagia maji ndani ya kikapu, akaisugua chapuchapu isije ikayeyuka, kisha akaianika juu ya bati mpaka ikang'aa. Sokoni akina mama waliigombania. Kusifiwa hivyo ukiwa na miaka kumi na mitatu si jambo dogo, naye alivimba kichwa.

Bahati mbaya, shingo nayo ilivimba. Ilikuwa imetuna kama embe. Shuleni, Vanessa, jirani yake, alimpa jina. "Chura! Lia tusikie!" Darasa zima likacheka, na mwalimu akageukia ubao kuficha meno yake. Mtaani walisema familia imelogwa, maana mdogo wake Dieumerci, mwenye miaka minne, hakuwa amesema neno hata moja, na kutembea kwenyewe kulikuwa kwa kuyumba.

Hatimaye mama aliwapeleka wote wawili kituo cha afya. Muuguzi Jacques alipapasa shingo ya Clarisse, akauliza, "Munakulaka chumvi gani?"

Mama akafungua chumvi waliyofunga pamoja na chakula cha njiani. Jacques akaidondoshea dawa ya kupimia. Ikabaki nyeupe. Akaleta chumvi ya mawe ya jikoni kwake, yenye vumbi, akaidondoshea pia. Ikageuka rangi ya zambarau.

"Hii rangi inaonesha iodini," alisema. "Mwili ikiikosa, shingo inavimba. Ku kiwanda banaitiaka mu chumvi. Ukiosha, unaimwanga na maji."

"Mi nilikuwa nasafisha tu!"

"Najua. Kula chumvi yenye haijaoshwa, shingo itapunguka pole pole."

"Na Dieumerci?"

Jacques alimpapasa Dieumerci kichwani. "Yeye iodini ilimukosa tangu mu tumbo ya mama. Bongo yake haikukomaa muzuri. Ile haitarudi, mwanangu."

Clarisse alilia njia nzima. Karibu na nyumbani alimwona mama yake Vanessa, mjamzito, akikoroga sombe ya majani ya muhogo, kopo la chumvi nyeupe pembeni. Wazo baya likamjia. Nyamaza. Acha Vanessa naye apate ndugu bubu, tuone atamcheka nani. Lilikuwa wazo tamu, na alitembea nalo hatua kadhaa. Kisha akamtazama Dieumerci mgongoni mwa mama, akaona aibu, akarudi.

"Mama Vanessa, muitupe ile chumvi. Niliiharibu mi mwenyewe kwa kuiosha. Itaumiza mutoto mu tumbo."

"Chura anataka kutuuzia ingine!" Vanessa alicheka, lakini alicheka peke yake. Mama yake alikuwa akimkazia macho Dieumerci, aliyekuwa akidondosha mate. Akamwaga kopo lote jalalani.

Baada ya miaka miwili shingo ya Clarisse ilikuwa imenywea, na mtaani hakuna aliyekula chumvi iliyooshwa tena. Siku moja mdogo wake Vanessa, mnene na mwenye kelele, alimkimbilia mama yake akiita, "Mama! Mama!" Clarisse akainamisha kichwa.

"Bidii yako haikuwa mubaya," mama yake alimwambia. "Kosa yetu ni kufanya kazi bila kuuliza inaleta nini. Lakini ule mutoto anaita mama yake sababu ulisema ukweli, hata kwa mwenye alikucheka."

Akamfuta Dieumerci mate, akamwita kwa jina. Dieumerci hakugeuka.