Ndama Hawa ni wa Nani?

Kila asubuhi Delbert Kucera alipeleka nyasi kavu kwa pikapu kwenye malisho aliyokodi, na ng'ombe wakamfuata kama watoto wa shule. Walikuwa ng'ombe wa Milo, kaka wa mkewe, ambaye nyonga yake ilikuwa mbovu. Delbert aliwalisha na kuwazalisha. Kila vuli, ndama walipoachishwa ziwa, waligawana: sehemu kubwa ya mlishaji, ndogo ya mwenye ng'ombe. Hawakuandikiana chochote. Walipeana mikono tu, kama baba zao hapo Nebraska, Marekani.

Mwaka wa korona viwanda vya nyama vilifungwa, bei ya ndama ikaanguka. Serikali ikatoa msaada kwa wafugaji. Delbert akaandikisha ndama wote, akitumaini kulipia kodi ya malisho. Kumbe naye Milo aliandikisha wote.

Ofisi ya kilimo ya kaunti ikapiga simu: ndama walewale wameandikishwa na watu wawili, malipo yamesimamishwa.

"Arlene, kaka yako ananiibia!" Delbert alifoka.

"Au wewe unamwibia yeye," mkewe alijibu, akiendelea kukanda unga wa kolache, vile vikate vitamu vya matunda.

Delbert akampigia Milo.

"Shemeji, nani aliamka kwenye theluji kuwazalisha?"

"Na mama zao nani aliwanunua, shemeji? Theluji?"

Simu ikakatwa. Ndama wake, ndama wa Milo, ndama wa serikali! Kodi ilikaribia, na bila malisho ng'ombe wangeuzwa wote.

"Nenda ukaulize," alisema Arlene. "Tena nendeni wote wawili."

Milango ya ofisi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Wakulima walikaa ndani ya magari yao na kuzungumza kwa simu na karani, wakimwona dirishani. Delbert aliegesha. Milo akaegesha kando yake, akatazama mbele kama hamjui.

Karani, Bi Rosalie, aliwaunganisha katika simu moja.

"Mlikubaliana vipi?"

"Tulipeana mikono," walijibu pamoja.

"Mikono yenu siwezi kuisoma. Niambieni hivi: ndama akifa kabla ya vuli, hasara ni ya nani?"

"Yangu," alisema Delbert.

"Ni yangu pia," alisema Milo. "Tunagawana waliobaki."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia. Msaada huu ni wa aliyebeba hasara. Kila mmoja aandikishe sehemu yake tu. Andikeni mapatano yenu, mtie sahihi wote wawili. Aliyekosea bila kukusudia asahihishe mapema. Akinyamaza, hapo ndipo matata."

"Kumbe sikuibiwa," Delbert alisema.

"Wala mimi," alisema Milo. "Ila umenitukana."

"Na wewe umenikatia simu."

"Bwana zangu," alisema Bi Rosalie, "yuko mkulima mwingine anasubiri."

Waliandika mapatano juu ya boneti ya pikapu ya Milo, barakoa zikiwa videvuni mpaka Bi Rosalie alipogonga kioo cha dirisha la ofisi, wakazipandisha. Malipo yalipofika, kila mtu kwa sehemu yake, kodi ya malisho ikalipwa na ng'ombe wakabaki.

Majira ya baridi yaliyofuata ndama mmoja alikufa kwenye theluji. Milo alikuja akichechemea, akasimama kando ya Delbert.

"Pole, shemeji."

"Pole nawe," alisema Delbert. "Ni wetu sote."